Je, Wajua? Kabla ya Kisu, Daktari Hutazama Misuli

Saratani ya kongosho ina sifa mbaya, na sifa hiyo ni ya haki. Mwaka 2022 pekee iligunduliwa kwa watu wapatao 511,000 duniani, na katika mwaka huohuo iliua takriban 467,000. Lakini ndani ya habari zake mna jambo ambalo kila nikilisoma zaidi hunizidishia mshangao: nyama ya mapaja, mgongo na mikono ya mgonjwa huamua mengi kuhusu atakavyotoka katika upasuaji, na sehemu ya nyama hiyo inaweza kulindwa. Soma, kisha msimulie mwenzako.

Kiungo kidogo, kazi za ajabu

Kongosho lina urefu wa sentimita 15 hivi na uzito wa gramu 100 au pungufu, nalo limejificha nyuma ya tumbo la chakula, karibu kabisa na uti wa mgongo. Hata hivyo, kwa siku moja humwaga takriban lita moja na nusu ya majimaji ya kusaga chakula ndani ya utumbo, na wakati huohuo hutengeneza insulini ya kudhibiti sukari. Maficho hayo ndiyo balaa lake. Uvimbe hukua bila kuguswa wala kuonekana, na ni wagonjwa 15 hadi 20 tu kati ya 100 wanaogunduliwa wakati bado upasuaji unawezekana.

Picha moja ya kiunoni hueleza mwili mzima

Ukitaka kujua mtu ana misuli kiasi gani, huna haja ya kumpima kuanzia shingoni hadi nyayoni. Inatosha kutazama kipande kimoja cha picha ya CT kwenye pingili ya tatu ya kiuno, karibu na usawa wa kitovu, kwa sababu misuli inayoonekana hapo huendana vizuri mno na misuli ya mwili wote. Kompyuta huitambua kwa namna inavyozuia mionzi. Katika kipimo ambacho maji ni 0 na hewa ni hasi 1,000, misuli huangukia kati ya hasi 29 na 150.

Na hapa ndipo penye utamu. Karibu kila mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji wa kongosho hupigwa picha hiyo ili uvimbe wake uonekane, kwa hiyo kipimo cha misuli tayari kimo ndani yake, bila mionzi ya ziada. Kinachohitajika ni mtu wa kukisoma tu.

Una sarara mbili mwilini mwako

Ile sarara laini inayogombaniwa buchani ni msuli unaoitwa psoasi. Wewe unayo miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na ndiyo inayokuinulia paja unapopanda ngazi. Mwaka 2012 madaktari wa Johns Hopkins, kule Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 557 waliokatwa saratani ya kongosho baada ya kupima upana wa misuli hiyo katika picha zao. Wale ambao sarara zao zilikuwa zimesinyaa walikuwa na hatari ya kufariki ndani ya miaka mitatu iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 63. Fikiria: saratani ileile, kisu kilekile, na bado upana wa msuli usiohusika kabisa na uvimbe ukawa na la kusema.

Sarara ina siri nyingine. Kama ile nyama ya ng'ombe iliyopitiwa na mistari ya mafuta, msuli wa binadamu nao huweza kuingiwa na mafuta katikati ya nyuzi zake, ukabaki mpana kwa kuutazama lakini dhaifu kwa kazi. Katika picha ya CT msuli wa aina hiyo huonekana mweusi kidogo kuliko wenzake. Ndiyo maana watafiti siku hizi hawaishii kupima wingi wa nyama, wanapima na ubora wake.

Mnene aliyekonda kwa ndani

Mtu anaweza kuwa na kilo 100 na bado akawa amepungukiwa misuli kwa kiwango cha hatari. Mwaka 2008 Carla Prado na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichunguza picha za wagonjwa 250 wanene waliokuwa na saratani za mapafu na za njia ya chakula. Kati yao 38 walikuwa na misuli michache sana chini ya mafuta yao, na hatari yao ya kufariki ilikuwa zaidi ya mara nne ya wale wanene wenye misuli ya kutosha.

Kwetu, mgonjwa mwenye mwili mkubwa huambiwa "bado una afya", na familia hutulia. Utafiti huo unatufundisha kuwa kitambi hufunika mambo. Mizani peke yake haimjui mtu.

Maradhi ya zamani, jina la juzi

Wazee wamekuwa wakipungukiwa misuli tangu dunia iwe dunia, lakini hali hiyo haikuwa na jina la kitabibu hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, pale Irwin Rosenberg wa Marekani alipopendekeza iitwe sakopenia. Ikabidi ingoje hadi Oktoba 2016 ndipo Marekani iipe namba yake katika orodha rasmi ya magonjwa. Kukosa namba maana yake ni kukosa mahali pa kuiandika kwenye faili la mgonjwa, na kisichoandikwa ni vigumu kutibiwa.

Mwili huanza kujila miaka kabla ya ugonjwa kujulikana

Hili lilinifanya niweke kitabu chini. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walifungua sampuli za damu zilizohifadhiwa kwa miaka mingi, za watu waliokuja baadaye kupata saratani ya kongosho, wakazilinganisha na za watu ambao hawakuipata. Waliona kuwa damu ya wagonjwa watarajiwa ilikuwa na wingi usio wa kawaida wa asidi amino tatu: lusini, isolusini na valini. Hizo ni chembe zinazojenga protini, na misuli imejaa protini. Waliokuwa na kiwango cha juu kabisa walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa huo zaidi ya mara mbili ya wale wa kiwango cha chini, na dalili hiyo ilijitokeza kwa nguvu zaidi miaka miwili hadi mitano kabla ya daktari kuutaja ugonjwa.

Maelezo yao ni kwamba mwili ulikuwa tayari umeanza kuvunja protini zake wakati mtu anaendelea na shughuli zake, analima, anauza duka, anacheza ngoma harusini, bila kuhisi lolote. Kipimo hicho hakijawa cha kutumika kliniki kwa mtu mmojammoja. Lakini kimetufungua macho kwamba kukonda si mkia wa ugonjwa huu. Huenda ni kichwa chake.

Kula sana hakutoshi

Mtu mwenye njaa ya kawaida ukimlisha, hurudi. Mgonjwa wa saratani anayekonda mara nyingi harudi kwa chakula pekee, na hilo huwaumiza wapishi wa nyumbani kuliko jambo lolote: mama amechemsha supu, dada ameleta uji wa ulezi, na mgonjwa anazidi kupungua. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa kimataifa likiongozwa na Kenneth Fearon wa Edinburgh lilieleza kuwa hali hii, iitwayo kakeksia, ni upotevu wa misuli usioweza kurudishwa wote kwa lishe ya kawaida. Uvimbe na kinga ya mwili hutoa kemikali zinazoamuru misuli ivunjwe, huku zikiufunga mlango wa hamu ya kula.

Kwa hiyo mgonjwa anayesukuma sahani hafanyi kiburi, wala hajakata tamaa. Ubongo wake umeambiwa usitake.

Kichefuchefu cha mimba na kukonda kwa saratani vina homoni moja

Mojawapo ya kemikali hizo inaitwa GDF15. Mwaka 2017 watafiti waligundua mahali inapopokelewa: eneo dogo nyuma ya ubongo, kule kunakosimamia kichefuchefu. Kisha, Desemba 2023, utafiti mwingine ukaonyesha kuwa homoni hiyohiyo, ikitoka kwa kijusi, ndiyo inayochangia sana kutapika kwa mama mjamzito. Mama mwenye mimba changa anayekimbia harufu ya vitunguu vikikaangwa na mgonjwa wa saratani anayeikimbia harufu ileile wanaguswa na mjumbe mmoja.

Faida yake imeanza kuonekana. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya dawa ya sindano iitwayo ponsegromab, inayoinasa GDF15 kabla haijafika ubongoni. Wagonjwa 187 wa saratani za mapafu, utumbo mpana na kongosho walishiriki. Baada ya wiki 12, waliopewa dozi kubwa zaidi walikuwa wamewazidi wale wa dawa bandia kwa wastani wa kilo 2.8. Majaribio makubwa zaidi yanahitajika kabla haijafika hospitalini kwako. Japani ilikwisha kuidhinisha dawa nyingine, anamorelini, mwaka 2021, nayo huiga homoni ya njaa. Orodha ya saratani ambazo wagonjwa wake hupewa dawa hiyo huko inajumuisha ya kongosho.

Mtoto wa Urmia aliyebadili upasuaji

Operesheni kubwa ya kuondoa kichwa cha kongosho huitwa Whipple, kwa jina la Allen Whipple, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1881 katika mji wa Urmia, Uajemi, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari. Hakuwa wa kwanza kujaribu. Alessandro Codivilla wa Italia alijaribu mwaka 1898 na mgonjwa wake hakuishi mwezi. Walther Kausch wa Berlin alifaulu mwaka 1909 kwa kuigawa kazi mara mbili, ili mgonjwa apumzike katikati. Whipple alichapisha njia yake mwaka 1935, nayo pia ilikuwa ya awamu mbili.

Mwaka 1940 alimfungua mgonjwa akidhani ana saratani ya tumbo, akakuta iko kwenye kongosho, akaamua kuimaliza kazi palepale kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo ikawa hivyo. Na ajabu kuliko zote: katika maisha yake yote daktari huyu aliifanya operesheni yenye jina lake mara 37 tu. Leo hospitali moja kubwa huweza kuipita idadi hiyo katika miezi michache.

Viungo vinne, mishono mitatu

Katika Whipple, daktari huondoa kichwa cha kongosho, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo na sehemu ya mrija wa nyongo. Pengine na kipande cha tumbo la chakula. Kisha inabidi ashone upya njia tatu: ya kongosho, ya nyongo na ya chakula, zote ziingie utumboni. Kazi huchukua saa nne hadi saba au zaidi. Mshono wa kongosho ndio unaoogopwa, kwa kuwa majimaji yake ni ya kusaga nyama, na yakivuja husaga nyama ya mwenyewe. Mwili unaoponya mishono hiyo hutafuta protini popote ilipo, na ghala kubwa ni misuli.

Wingi wa mikono iliyozoea

Mwaka 2002 John Birkmeyer na wenzake walihesabu vifo baada ya upasuaji mkubwa kwa wazee wa Marekani. Kwa kongosho, hospitali zilizofanya upasuaji huo kwa nadra sana zilipoteza wagonjwa 16.3 katika 100. Zile zilizoufanya mara nyingi zaidi zilipoteza 3.8. Ni tofauti kubwa kuliko nyingi zilizoonekana katika upasuaji mwingine. Kwa hiyo swali la "hapa mnafanya ngapi kwa mwaka?" si utovu wa adabu. Ni swali la mtu mwenye akili timamu.

Jeraha la mguu hulipwa na mwili mzima

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, David Cuthbertson wa Glasgow alikuwa akichunguza mkojo wa watu waliovunjika miguu. Akakuta ndani yake naitrojeni nyingi mno, mabaki ya protini iliyovunjwa, kiasi ambacho mguu ulioumia peke yake usingeweza kukitoa. Misuli mizima, isiyokuwa na hata mkwaruzo, ilikuwa ikivunjwa. Ugunduzi huo ndio uliofanya madaktari waelewe kwamba kisu cha tumboni hupunguza mapaja. Mgonjwa wa kongosho huingia katika gharama hiyo akiwa tayari amekwisha kupungukiwa.

Siku 10 kitandani

Watafiti wa Marekani waliwaomba wazee 12 wenye afya njema, umri wa wastani miaka 67, walale kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuumwa, hawakukatwa, na walikula. Walipoamka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo moja ya nyama. Vijana katika jaribio jingine walilala siku 28 na kupoteza chini ya nusu kilo miguuni. Wanaanga nao, ambao miguu yao haibebi chochote huko juu, hulazimika kufanya mazoezi takriban saa mbili kila siku ili wasirudi duniani wamelegea.

Sasa mtazame mzee wa miaka 67 ambaye amepasuliwa kweli, hali chakula vizuri, na ndugu zake kwa mapenzi wanamwambia "lala, usijichoshe". Mapenzi hayo nayaelewa. Lakini mzee huyo anahitaji mkono wa kumwinua akae kwenye kiti, kisha atembee hadi mlangoni na kurudi, kwa kadiri daktari alivyoruhusu.

Kufunga usiku kucha kumepitwa na wakati

Katika miaka ya 1990 Henrik Kehlet, mpasuaji wa Denmark, alianza kuuliza maswali ambayo yalionekana ya utukutu. Kwa nini mgonjwa afungishwe chakula na maji tangu jioni? Kwa nini asiinuke siku inayofuata? Kutokana na maswali yake umekuja mpango wa kupona haraka, ambao umekuwa na mwongozo wake maalumu kwa upasuaji wa Whipple tangu 2012. Wagonjwa wengi sasa huruhusiwa kunywa vinywaji visivyo na maziwa wala machujo hadi saa mbili kabla ya kulazwa usingizi, na huanza kunyanyuka kitandani tangu siku ya kwanza baada ya upasuaji. Si wote, hasa wenye tatizo la tumbo kuchelewa kumwaga chakula, hivyo usiamue mwenyewe. Muulize mtoa usingizi.

Mayai 15 kwa siku?

Wataalamu wa lishe wa Ulaya, kupitia chama chao cha ESPEN, wanashauri mgonjwa wa saratani apate zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na ikiwezekana gramu 1.5. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo kwa mayai pekee angehitaji 15. Hakuna anayeweza.

Hapa jiko la Kiswahili lina nguvu zake. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, glasi ya maziwa 8, na dagaa wakavu wana protini inayozidi nusu ya uzito wao. Dagaa waliosagwa unga hunyunyizwa kwenye uji au mchuzi bila kuongeza ukubwa wa sahani, na ukubwa wa sahani ndio humtisha mgonjwa. Kiasi kidogo mara sita kwa siku hushinda milo mitatu iliyojaa. Uji mweupe mtupu, ambao ndio tunaokimbilia mgonjwa anapokataa chakula, hauna cha maana cha kumpa msuli.

Chakula kinapita, hakibaki

Mtu aliyeondolewa sehemu ya kongosho anaweza kula vizuri na bado akakonda, kwa sababu vimeng'enya vya kusaga mafuta na protini havitoshi tena. Dalili yake ni choo chenye mafuta, cha rangi iliyopauka, chenye harufu kali na kigumu kusukumwa na maji. Wengi huona aibu kulitaja jambo hilo kwa daktari, na aibu hiyo inawagharimu nyama ya miili yao.

Tiba ipo: vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na chakula, kuanzia tonge za mwanzo, si baada ya kunawa mikono. Vimepakwa ganda linalovumilia asidi ya tumbo ili vifunguke utumboni. Jambo ambalo mgonjwa ana haki ya kuambiwa mapema ni kwamba vimeng'enya hivyo hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu dawa ya namna hiyo pasipokuwa na mbadala, na mwenye wasiwasi atulize moyo wake kwa kumuuliza sheikhe wake mapema kuliko kuviacha kimyakimya.

Mkono unaosalimia hutoa habari

Utafiti mmoja uliofuatilia watu 139,691 katika nchi 17 na kuchapishwa mwaka 2015 uligundua kuwa nguvu ya kukaza kiganja hubashiri kifo vizuri kuliko presha ya damu ya juu, yaani ile namba ya kwanza unayosomewa kliniki. Kila upungufu wa kilo 5 katika kukaza uliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufariki kwa sababu yoyote.

Kifaa cha kupimia si cha gharama kubwa, lakini hata bila hicho jaribu hivi nyumbani: keti kwenye kiti imara kisicho na gurudumu, kunja mikono kifuani, kisha simama na kuketi mara tano mfululizo. Kwa mwongozo wa Ulaya wa 2019, anayepita sekunde 15 anashukiwa kupungukiwa nguvu za misuli. Mzee asijaribu akiwa peke yake.

Mazoezi yaliyobadili uvimbe wenyewe

Katika hospitali ya saratani ya MD Anderson, Houston, wagonjwa wa kongosho waliokuwa wakingoja upasuaji walipewa programu ya nyumbani: angalau dakika 60 kwa wiki za kutembea kwa mwendo wa haraka, na dakika 60 za kuimarisha misuli. Uvimbe wao ulipokatwa na kutazamwa kwa hadubini, ulikuwa na mishipa ya damu mingi zaidi kuliko wa wale ambao hawakupitia programu hiyo. Kwa saratani nyingine ungeogopa, lakini uvimbe wa kongosho unajulikana kwa kukosa mishipa, na dawa husafiri kwa damu. Watafiti wanatumaini kuwa mishipa hiyo huifungulia dawa njia. Wagonjwa walikuwa wachache, nami nimeifurahia habari hii kupita kiasi, lakini wazo lenyewe ni zuri mno kuachwa.

Kwa saratani ya utumbo mpana ushahidi ni mkubwa zaidi. Wagonjwa 251 waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa wiki nne za mazoezi, lishe na msaada wa kisaikolojia kabla ya upasuaji. Matatizo makubwa baada ya kisu yalitokea kwa asilimia 17.1 ya walioandaliwa, na asilimia 29.7 ya wenzao.

Jaji aliyepiga pushapu

Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alianza kufanya mazoezi na mkufunzi Bryant Johnson mwaka 1999, baada ya matibabu ya saratani ya utumbo mpana kumwacha dhaifu. Tarehe 5 Februari 2009, akiwa na miaka 75, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya kongosho. Tarehe 23 ya mwezi huohuo alikuwa amerudi kitini mahakamani. Uvimbe wake uligunduliwa ukiwa mdogo sana, na hiyo ilikuwa bahati kubwa kuliko mazoezi. Lakini aliendelea na pushapu zake, akahukumu kesi kwa miaka mingine 11, na kufariki Septemba 2020 akiwa na miaka 87.

Kisu ni nusu ya safari

Baada ya upasuaji hufuata tibakemikali. Mwaka 2018 utafiti wa Ufaransa na Kanada wa wagonjwa 493 ulionyesha kuwa mchanganyiko wa dawa uitwao mFOLFIRINOX uliwapa maisha ya miezi 54.4 kwa kipimo cha kati, dhidi ya 35.0 kwa dawa ya zamani. Ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa nyongeza. Ila dawa hizo ni kali, na hupewa aliyepata nguvu za kuzibeba. Misuli iliyotunzwa kabla na baada ya kisu ndiyo inayompa mgonjwa nafasi ya kuzifikia.

Kilo 3 na nusu

Kwa mujibu wa lile jopo la 2011, kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita, bila kukusudia, kunatosha kuitwa kakeksia kwa mgonjwa wa saratani. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni kilo 3 na nusu, kiasi ambacho wengi hukipongeza kwa kusema "umependeza". Na kuna dalili ya pili ya kuangaliwa pamoja nayo: kisukari kinachoanza ghafla baada ya miaka 50. Katika utafiti wa Rochester, Minnesota, uliochapishwa 2005, karibu mtu 1 kati ya 100 wa aina hiyo alikutwa na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu. Wengine 99 walikuwa na kisukari tu, kwa hiyo si jambo la kutia hofu kila nyumba.

Lakini mzazi wako akipata kisukari kipya huku mkanda wake ukiongezwa tundu, macho yakianza kuwa ya manjano au mgongo ukimuuma usiku, mpelekeni hospitali wiki hii, mkiwa mmeandika uzito wake wa zamani na wa sasa. Na kama tayari anangoja upasuaji, muulizeni daktari mambo matatu: misuli yake ikoje kwenye picha ya CT, nani atamwona kuhusu lishe, na atatembea kiasi gani kila siku hadi tarehe ya upasuaji.